Kenya inamhitaji, Kansas inaye

Barua yenyewe ni fupi kuliko risiti ya supamaketi. Ina sentensi mbili tu. Ya kwanza inasema kwamba kwa sasa nchi ina uhitaji wa madaktari waliobobea katika fani fulani. Jina la nchi na jina la fani hujazwa kwenye nafasi zilizoachwa wazi. Ya pili inasema kwamba daktari fulani, naye jina lake hujazwa, ameiahidi serikali yake kwa maandishi kuwa atarejea akimaliza mafunzo Marekani, na kwamba anakusudia kufanya kazi katika fani hiyo hiyo aliyoifuata. Chini yake pana tarehe, sahihi ya ofisa na muhuri wa serikali. Basi.

Niliiona nikiwa kwenye shughuli nyingine kabisa. Nilikuwa nikiulizauliza kuhusu malipo ya madaktari wanagenzi, mambo ambayo msomaji ameyachoka tangu mgomo wa 2024, pale daktari mmoja aliyekwisha kuondoka nchini aliponitumia picha ya nakala yake na maneno matatu chini: "Hii ndiyo iliyonitoa." Toka hapo barua hiyo imenikaa kichwani. Ahadi ya kurejea haikunishangaza, maana ahadi za aina hiyo tumezisikia tangu enzi za ndege zilizowapeleka wanafunzi Marekani. Kilichonikwama kooni ni kwamba maneno yake hayakutungwa Nairobi. Yameandikwa, neno kwa neno, ndani ya kanuni za serikali ya Marekani zinazosimamia viza ya J-1, na kila wizara ya afya duniani, iwe ya Kenya, ya Misri au ya Ufilipino, inatakiwa kuyatumia vivyo hivyo. Wao wanatunga, sisi tunajaza mapengo na kugonga muhuri. Marekani imeiandikia Kenya namna ya kusema "tunamhitaji huyu", halafu ikaifanya kauli hiyo kuwa sharti la kumchukua.

Mwenye barua nitamwita Daktari, bila jina, kwa kuwa ameniomba hivyo na faili lake bado liko mezani kwa watu asiowajua. Ni mzaliwa wa Kilifi. Alisomea Chuo Kikuu cha Nairobi, uanagenzi akaufanyia Pwani, na ule mgomo wa madaktari wa siku 100 wa Desemba 2016 hadi Machi 2017 ukamkuta humo humo. Leo ni bingwa wa figo katika mji mmoja wa tambarare za magharibi mwa Kansas, mji wa upepo, mahindi na kiwanda kikubwa cha kuchinja ng'ombe. Tulizungumza kwa simu usiku wangu, saa nne, ambayo kwake ni saa nane mchana, akiwa amekaa garini nje ya kliniki, akila.

"Na barua ni mbili, si moja," aliniambia. "Ya kwanza ya magonjwa ya ndani, ya pili ya figo. Ukibadilisha fani lazima upate nyingine. Kwa hiyo Kenya imenihitaji mara mbili, kaka, na mara zote mbili ikanisindikiza hadi uwanja wa ndege."

Akacheka. Mimi sikucheka upesi.

Njia aliyopita wengi wanaijua, au wana binamu aliyeipita. Mitihani ya leseni ya udaktari ya Marekani, USMLE, cheti cha shirika la ECFMG la Philadelphia, maombi kwa hospitali makumi kwa makumi, mahojiano, halafu ile wiki ya Machi ambayo Jumatatu unaambiwa kama umepata mahali na Ijumaa unaambiwa ni wapi. Mwaka 2024 madaktari wa kigeni wasio raia wa Marekani waliopata nafasi walikuwa chini kidogo ya sita katika kila kumi. Waliobaki walirudi kuhesabu akiba na kungoja mwaka mwingine. Daktari alipata 2019. Miaka mitatu ya magonjwa ya ndani, ukiwemo ule wa Korona ambao hapendi kuuzungumzia, kisha miwili ya figo.

Nilimwuliza kwa nini alikubali J-1, ilhali ipo viza ya H-1B isiyo na deni la kurudi nyumbani. Hapo sauti yake ilibadilika, ikawa ya mtu aliyekwisha kulijibu swali hilo kwa jamaa wengi.

"Watu huko hudhani unapewa menyu uchague. H-1B inataka uwe umeshafaulu mitihani yote, hata ule wa tatu, kabla hujaanza kazi. Inataka hospitali itoe pesa ya wakili na ishughulike na makaratasi. Hii ya J, ECFMG ndiyo inayokudhamini, hospitali haina kazi kubwa. Mimi waliokubali kunihoji walikuwa na J pekee. Ungekataa wewe? Baada ya mama kuuza kipande cha shamba?"

Kwa hiyo akasaini. Hilo deni, kwa ufupi, ni hili: daktari aliyepata mafunzo kwa viza ya J-1 hawezi kupewa ukazi wa kudumu, wala kuhamia H-1B, mpaka akae nchini kwao jumla ya miaka miwili. Sheria ilikazwa mwaka 1976, Bunge la Marekani lilipojiridhisha kwamba nchi hiyo haina tena upungufu wa madaktari, na ikaanza kuwabana wa kigeni Januari 1977. Ilikuwa na sura ya wema. Mataifa maskini yalikuwa yakilalamika kwamba vijana wao wanavunwa, na hapa palikuwa na tajiri anayesema: nitawafundisha, kisha nitawarudisha.

Miaka miwili hiyo, hata hivyo, ina milango ya kutokea, nayo iko minne. Upo wa anayehofia kuteswa akirudi. Upo wa mwenye mke, mume au mtoto Mmarekani atakayepata dhiki isiyo ya kawaida. Upo wa idara ya serikali ya Marekani yenye haja na daktari huyo, kama ile ya hospitali za wanajeshi wastaafu. Na upo wa jimbo, ambao nitaurudia.

Wageni wengine wa J-1, watafiti na walimu kwa mfano, wana mlango wa ziada: serikali ya kwao inaweza kuandika kwamba haina kipingamizi wakibaki, na Marekani ikaupima uamuzi huo. Daktari aliyekuja kujifunza tiba kwa kugusa wagonjwa hana mlango huo. Amefungiwa na sheria. Ina maana Kenya iliyotakiwa kuapa kwamba inamhitaji haiwezi kumwachilia hata ikitaka. Wala haiulizwi anapoachiliwa na mwingine, isipokuwa kama ndiyo iliyomlipia masomo na kumfunga kwa mkataba. Hapo hutakiwa barua yake. Wengi, kama Daktari, walijilipia. Ahadi waliitoa kwa Kenya, na anayewafungua ni jimbo la Kansas.

Mlango huo wa jimbo unabeba jina la seneta Kent Conrad wa North Dakota, aliyeupitisha mwaka 1994. Jimbo lake lilikuwa na vijiji vya wakulima ambavyo hakuna daktari mzawa aliyetaka kuvifikia, huku vituo vya mafunzo vya nchi vikiwa na madaktari wa kigeni waliokuwa wakijiandaa kurudi kwao kwa lazima. Akaunganisha mahitaji mawili. Kila jimbo likapewa nafasi 20 kwa mwaka, zikawa 30 kuanzia 2002. Daktari akikubali kufanya kazi miaka mitatu, saa 40 kwa wiki, katika eneo lililotangazwa kuwa na uhaba wa huduma, ile miaka miwili ya nyumbani inafutwa. Majimbo 50 yakitumia nafasi zote, hao ni madaktari 1,500 kila mwaka, bila kuhesabu mji mkuu.

Eneo la uhaba linapimwa. Kwa daktari wa kawaida wa huduma za mwanzo, kipimo ni watu 3,500 kwa daktari mmoja. Ukivuka hapo, wilaya yako inaingia kwenye ramani ya uhaba na inaweza kumwomba mgeni. Nilipokisoma kipimo hicho nilijaribu kukipeleka kichwani Tana River, Mandera, Turkana. Nikaacha.

"Usifikiri ni uwongo," Daktari alinikatiza nilipoanza kukejeli. "Shida ya huku ni ya kweli. Kabla yangu, mgonjwa wa figo wa mji huu alikuwa akiendeshwa saa mbili na nusu kwenda kumwona daktari wa figo. Wazee wa miaka themanini, kwenye barafu. Nimewakuta waliokata tamaa wakaacha kwenda. Ukiniuliza kama Kansas ilinihitaji, ilinihitaji."

Fani yenyewe aliichagua vipi? Swali hili nililiuliza mara kadhaa na kila mara jibu lilikuja na nyongeza. Awali alitaka moyo. Kila mtu hutaka moyo. Lakini ushindani wa moyo ni mkali, na majimbo mengi, katika nafasi zao 30, huwapa kipaumbele madaktari wa huduma za mwanzo na wa akili. Bingwa wa fani nyembamba anaweza kumaliza mafunzo mwezi Juni na asipate jimbo la kumwombea msamaha. Kwa daktari mzawa, uchaguzi wa fani ni wa moyo na mfuko. Kwa mwenye J-1 kuna mtu wa tatu chumbani, wakili, anayesema fani ipi ina mlango wa kutokea.

Figo, kwa upande wake, Wamarekani hawaigombanii. Kazi ni nyingi, simu za usiku haziishi, na kila mwaka nafasi za mafunzo yake hubaki wazi. Wageni ndio wanaozijaza kwa wingi.

"Sababu zangu zilikuwa mbili, na moja sijivunii," alisema. "Ile nisiyojivunia ni kwamba nilijua nitapata. Ya pili ni mashine."

Mashine anazozungumzia msomaji wa Kenya anazikumbuka. Mwaka 2015 serikali kuu ilianzisha mpango wa kukodi vifaa tiba kwa ajili ya kaunti, hospitali mbili kila kaunti, na miongoni mwa vifaa hivyo zilikuwemo mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo. Siasa za mpango huo, gharama zake na kesi zake, zimeandikwa hadi wino ukakauka. Daktari alizikuta akiwa mwanagenzi.

"Zilikuwa mpya. Nailoni bado iko juu ya kioo. Muuguzi mmoja alikuwa amepelekwa mafunzo, mmoja tu, akiumwa yeye au akiwa na msiba, wagonjwa wanangoja. Bingwa wa figo hakuwepo. Sisi wanagenzi tulikuwa tukisoma kitabu cha maelekezo kama watu walionunua televisheni. Siku moja mgonjwa akashukiwa na presha akiwa kwenye mashine, kijana wa umri wangu, tukamrudisha. Tulibahatisha. Nikajiambia, haya mambo nitayajua."

Kwa hiyo barua ile ya pili, iliyosema Kenya ina uhitaji wa bingwa wa figo, ilikuwa ya kweli. Naona ndiyo karatasi ya kweli kupita zote katika faili lake. Hapakuwa na haja ya kuipamba. Ofisa aliyegonga muhuri angeweza kushuka ngazi, akapanda matatu hadi hospitali yoyote ya kaunti, akauona uhitaji huo umelala kwenye benchi la nje ukisubiri zamu.

Ndipo nikamwuliza lililo wazi. Kama uhitaji upo na mafunzo yameisha, je, alijaribu kurudi?

Alijaribu. Mwaka wake wa mwisho wa mafunzo, kabla hajagusa fomu ya msamaha, aliandikia kaunti moja ya Pwani. Alieleza alivyo, akaambatanisha vyeti, akauliza kama ipo nafasi ya bingwa wa figo. Jibu lilichukua muda, likaja kwa adabu sana: asubiri tangazo. Akauliza tena kupitia mtu wa ndani, kama tufanyavyo. Yule mtu akamwambia ukweli wa ofisini, kwamba nafasi hiyo ipo kwenye muundo wa utumishi lakini haina bajeti, na kwamba madaktari wa kawaida waliohitimu wako mitaani, watamwajiri yeye wa bei ghali kwa hesabu gani?

"Hapo ndipo nilipoielewa ile barua," alisema. "Inasema nchi ina uhitaji. Haisemi ina nafasi. Mimi kwa ujinga wangu nilidhani ni kitu kimoja."

Hili ndilo ninalolishikilia baada ya kuzunguka nalo kwa wiki kadhaa. Marekani imejenga mtambo mzima wa kugeuza uhitaji kuwa ajira: kipimo cha 3,500, ramani, idadi ya 30, fomu, tarehe, mshahara ulioandikwa kwenye mkataba kabla daktari hajafika. Uhitaji wa Kansas una anwani na akaunti ya benki. Uhitaji wa Kenya una muhuri. Tunapozungumzia madaktari kukimbia nchi huwa tunaulinganisha uzalendo wa mtu na tamaa yake, na hapo tunakosea mizani, kwa sababu huyu aligonga mlango akaambiwa asubiri tangazo.

Haikuwa lazima barua ile iwe karatasi ya kusindikizia watu. Kanada, kwa miaka mingi, iliitumia kama usukani. Ilitoa orodha ya fani ilizozihitaji na idadi ya barua itakazotoa kwa kila fani. Mkanada aliyetaka kwenda Marekani kujifunza fani isiyo kwenye orodha alijua mapema kwamba barua haipo. Malalamiko yalikuwa mengi, na sisemi ulikuwa mfumo wa haki kwa kila kijana. Ila nchi ilikuwa imekaa chini ikahesabu inataka nini. Nani amekaa kuhesabu kwetu? Kila barua inayotoka ina fani ndani yake, ina jina, ina tarehe. Ukizikusanya za miaka kumi unapata orodha ya mabingwa ambao nchi imekiri kwa muhuri wake kwamba inawahitaji. Nani anaishika orodha hiyo? Yuko anayewapigia simu mafunzo yao yanapokaribia kwisha?

Tuendelee na Kansas, kwa kuwa huko ndiko anakoishi.

Mkataba wake wa miaka mitatu ulianza 2024. Msamaha ulipokubaliwa alihama kutoka J-1 kwenda H-1B, bila kupitia ile bahati nasibu ya kila mwaka, kwa kuwa madaktari wa mpango huu wameondolewa humo. Kwa jamaa wa Kilifi ilikuwa sherehe: mtoto amepanda ngazi. Nyumbani kwake ilikuwa siku mbaya. Mumewe, mpima ardhi kwa taaluma, alikuwa na viza ya mwenzi wa J-1, ambayo humruhusu mtu kuomba kibali cha kufanya kazi. Alikuwa nacho, na kazi alikuwa nayo, kwenye kampuni ya barabara. Mke alipohamia H-1B, mume akawa mwenzi wa H, na mwenzi wa H hana ruhusa ya kufanya kazi mpaka ombi la ukazi wa kudumu la mwenzake lifike hatua fulani. Mke akapanda cheo asubuhi, mume akaacha kazi jioni.

"Alikuwa kimya muda mrefu," Daktari alisema. "Mwanamume wa Kigiriama kukaa nyumbani akingoja mke arudi na mshahara! Amejifunza kupika mchuzi wa papa kwa samaki wa kopo. Sasa tunacheka. Mwaka ule hatukuwa tukicheka."

Kuhusu wagonjwa wake alinieleza hadi chakula chake kikapoa. Kiwanda cha nyama kimeuleta ulimwengu mjini: Wasomali waliokulia Dadaab, Wakongo waliotoka Nyarugusu, Waburma, Waguatemala. Wiki ya kwanza kliniki, mama mmoja wa Kivu aliletewa mkalimani wa simu wa Kifaransa, lugha ambayo hakuisoma, na alikuwa akijibu "oui" kwa kila swali. Daktari alimsikia akimnong'oneza bintiye, "Niko nasikia baridi mu mifupa." Akavuta kiti.

"Mama akanikazia macho. Akaniuliza wewe ni wa wapi. Nikamwambia Kenya, Pwani. Akaanza kulia, kisha akanigombeza, eti kwa nini nilimwacha ateseke na ile simu nusu saa nzima."

Mama huyo sasa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Aliuliza nani analipa, na Daktari akamweleza kwamba tangu sheria ya 1972 bima ya serikali ya wazee humlipia pia mfanyakazi aliyechangia ambaye figo zake zimekufa, hata kama ana miaka thelathini. Wagonjwa wa Kenya, enzi za NHIF, bima iliwalipia mara mbili kwa wiki, na wengi wao walijua kuhesabu siku ya tatu kwa kuvimba miguu. Daktari haulizwi hesabu hiyo na mtu yeyote Kansas. Anaifanya mwenyewe.

Na Kilifi haijamwacha. Simu yake, aliniambia, imejaa picha za majibu ya maabara: ya shangazi, ya mwalimu wake wa msingi, ya watu asiowajua waliopewa namba na mtu wa kanisani. Kreatinini mia tano, kreatinini mia tisa. Huamka saa kumi na moja alfajiri azijibu kabla ya zamu. Kama hiyo si kazi katika fani aliyoahidi kuifanyia nchi yake sijui tuiiteje, ingawa haihesabiki popote, hata kwa dakika moja, katika ile miaka miwili.

Miaka mitatu ya Conrad itakwisha 2027. Lakini msamaha si ukazi wa kudumu. Unaondoa kizuizi tu. Kwa kadi ya kijani yenyewe kuna njia iliyofunguliwa na sheria ya 1999: daktari anayefanya kazi miaka mitano katika eneo la uhaba anaweza kuomba mwenyewe, bila kumtegemea mwajiri, kwa hoja kwamba kubaki kwake ni kwa maslahi ya taifa. Ile mitatu inahesabika ndani ya mitano. Kwa hiyo ana hadi 2029. Karatasi anaweza kuziwasilisha mapema, ila uamuzi wa mwisho hautolewi kabla mitano haijatimia. Mwenzake mzaliwa wa India, waliofunzwa pamoja, atatimiza mitano hiyo hiyo kisha aendelee kungoja foleni ya nchi yake, ambayo watu huizungumzia kwa miongo. "Mimi nina bahati ya pasi," asema Daktari. Ni mara ya kwanza kumsikia mtu akisema hivyo kuhusu pasi ya Kenya.

Taifa linalozungumziwa katika hoja hiyo ya maslahi, bila shaka, ni lile jingine.

Katikati ya haya yote siasa za Washington zimekuwa zikitikisa meza. Mwishoni mwa Mei 2025 balozi za Marekani ziliamriwa kusitisha miadi mipya ya mahojiano ya viza za masomo na za J, wakati madaktari wapya wanatakiwa kuripoti hospitalini tarehe 1 Julai. Miadi ikarejeshwa katikati ya Juni, na kukawa na pilikapilika. Septemba mwaka huo huo likaja tangazo la rais la ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya H-1B. Daktari alikuwa tayari ndani, na viza yake haikuguswa. Lakini hospitali yake ilikuwa imepanga kuajiri bingwa wa watoto kutoka nje, na mkurugenzi akaja kumwuliza yeye, kana kwamba ni wakili, kama ada hiyo itamhusu yule mgeni. Tangu wakati huo hasafiri nje. Babu yake alizikwa Kaloleni, naye akafuatilia maziko kwa video, kamera ikiwa mikononi mwa mpwa aliyekuwa akisahau kuielekeza kaburini.

Yapo niliyomwuliza asiyoyajibu. Je, ahadi aliyoiweka kwa maandishi anaihesabu imevunjika? Alinyamaza, nikasikia mlango wa gari ukifunguliwa na upepo ukiingia kwenye simu. Akasema sheria imemwachilia. Nikamwambia sikuuliza kuhusu sheria. Akasema anajua.

Je, angekuwa Waziri wa Afya kwa siku moja, angegonga muhuri barua ya kijana mwingine kama yeye? Hapa alijibu upesi zaidi. Angegonga. Kumnyima kijana barua hakumletei mgonjwa wa Kilifi daktari. Kunaiongezea Nairobi daktari mmoja asiye na kazi. Angetaka tu barua hiyo iwe na ukurasa wa pili, unaosema ni hospitali gani itamngoja, kwa mshahara gani, na mashine ngapi zinazofanya kazi. Ukurasa ambao Kenya ingeutunga yenyewe. Sina hakika kama wizara yoyote inaweza kuahidi kazi miaka mitano au saba kabla, katika nchi ambayo mabingwa wake waliopo tayari hugoma kudai mikataba iliyokwisha kusainiwa. Nilimwambia hivyo. Akasema hana hakika pia, lakini Kansas iliweza.

Mkataba wake ukiisha 2027, sharti la msamaha halitamfunga tena mahali popote. Hospitali imeanza kumdokeza nyongeza. Mumewe anataka kurudi. Mtoto wao, aliyezaliwa huko, ana miaka minne na anakiita Kiswahili "lugha ya hospitali" kwa kuwa ndiko anakomsikia mama akikizungumza na wageni. Mara ya mwisho tulipoongea, nilimtania kwamba nitapita makao makuu ya kaunti kumwulizia lile tangazo aliloambiwa alisubiri.

"Pita," alisema. "Ukilikuta, nitumie. Lakini piga picha mpaka chini, pale wanapoandika mshahara. Watu hunitumia matangazo yaliyokatwa."